Sura ya Tisa: Kibati cha Ugoro

Chumba cha kulala cha Gershom Mramba, pale Changamwe, kilikuwa na dirisha moja, na dirisha hilo lilikuwa limezibwa kwa blanketi la jeshi lililopigiliwa misumari pande zote nne. Sajini Mwidani alilivuta pembeni. Blanketi likagoma.

"Mwizi gani huyu aogopwaye hivi?" akauliza.

Kache, jirani wa ukuta kwa ukuta, alikuwa amesimama mlangoni tangu polisi waingie, mikono kiunoni, kana kwamba nyumba ni yake na wao ndio wageni.

"Si mwizi, afande. Ni Selpher. Mchawi hapendi mwanga."

"Na wewe wajuaje anachopenda mchawi?"

Kache akakaza mikono kiunoni. Alikuwa shahidi mkuu katika kesi hii na cheo hicho kilikuwa kimemkaa vizuri.

Kesi yenyewe ilikuwa mbaya. Gershom, askari aliyerudi kutoka vita vya Burma na kuajiriwa bandarini, alikuwa hospitali, vidole vya miguu vimepoa kama vya maiti na kuanza kugeuka zambarau. Nduguye Garama alikuwa amekwenda kituoni akaapa kwamba shemeji yake, Selpher, anamtilia mumewe sumu kwenye chakula. Selpher akawekwa rumande. Kila alipoulizwa, alijibu kwamba hakumpa mumewe sumu, kisha akanyamaza. Kesho asubuhi angesimamishwa mbele ya hakimu. Mumewe akifa kabla ya hukumu, shtaka lingekuwa la kuua, na kila mtu alijua mwisho wa shtaka hilo ni kamba.

Mwidani alikuwa mtu wa Likoni, mnene kiasi, mwenye subira ya kuudhi watu. Hakupenda kesi ambayo kila mtu ana hakika nayo. Alichungulia chini ya kitanda, akakuta beseni na kitambaa kilichokauka. Akatoka uani kutafuta jiko, akayaona mafiga yake kule mwisho kabisa, nyuma ya choo, juani, mahali ambapo mwanamke mwenye akili zake asingekaa kupika hata mara moja.

"Jiko lilikuwa hapa karibu na mlango," Kache alisema. "Akalihamisha ili tusione anachotia chunguni."

"Ehe. Na mumewe?"

"Akila, hutapika. Kisha alala gizani hadi kesho yake, hataki hata wanangu wapige kelele. Siku nyingine hutapika kabla ya kula."

Mwidani akageuka. "Kabla ya kula?"

"Siku nyingine, afande."

"Basi hiyo sumu ina haraka kumshinda mpishi."

Akauliza habari ya unga, maana daktari wa hospitali alikuwa amemwomba aulize. Daktari alisema aliwahi kusoma kwamba huko Ulaya, zamani, watu waliokula mkate wa nafaka iliyoota ukungu mweusi walipatwa na maradhi haya haya: damu haifiki vidoleni, viungo vinapoa, vinakufa. Lakini Kache na Selpher walikuwa wakinunua debe moja la unga na kugawana nusu kwa nusu.

"Na wanao wazima?"

Kache akaonyesha uani kwa kidevu. Watoto wake watatu walikuwa wakikimbizana na tairi la baiskeli kuzunguka choo, na kelele zao zingeweza kusikika Port Reitz. Mwidani akaufuta unga katika hesabu yake. Vidole vya watoto wale havikuwa na kasoro, isipokuwa uchafu.

Akarudi chumbani peke yake, akaketi juu ya kitanda katika lile giza. Dirisha limezibwa. Moshi umehamishwa. Beseni, kitambaa cha maji, watoto wanyamaze. Moyo ukamwambia kwamba chumba hiki amekiona mahali, na mara akakumbuka. Alikuwa amelelewa na shangaziye, Bi Mwanatatu, na kulikuwa na siku ambazo mlango wa chumba cha shangazi ulifungwa tangu asubuhi, hakuna ruhusa kukaanga kitunguu, na kila mtoto huvua mitalawanda kizingitini kwa kuwa mlio wa mti sakafuni ulimpasua kichwa.

Hamkuwa na mchawi humu. Humu alikuwa akiishi mtu mwenye kipandauso, na mke aliyemtunza.

*

Selpher aliletwa kutoka seli, akaketi kwenye kiti kwa ukingo kabisa, kama mtu aliyekuja kwa jambo dogo na anayetaka kuondoka.

"Mumeo ana kipandauso tangu lini?" Mwidani aliuliza, hata salamu hajapokea vizuri.

Mikono ya mwanamke ikashikana. "Sijui kipandauso, afande."

"Basi nambia ugonjwa wa blanketi dirishani."

Selpher akajivuta zaidi ukingoni mwa kiti.

"Sikiza, dada. Shangazi yangu alikuwa nao. Kichwa chauma upande mmoja, chapiga kama ngoma. Mwanga wamchoma, harufu yamtapisha, akilala akaamka ni kama aliyebeba magunia. Wewe ulihamisha jiko ukapike juani kwa ajili yake, na jirani yako atatumia jiko hilo hilo kukunyonga. Kwa nini hukusema?"

Selpher alitazama mlango, kisha akaanza kulia bila sauti.

"Nikisema, atafutwa kazi."

Pole pole ikatoka yote. Gershom alikuwa mpiga ishara melini. Husimama sitahani na kumwonyesha mwenye winchi, mashine ya kupakulia mizigo, kwa mkono: shusha, simama, pandisha. Mwenye winchi haoni chini. Anautazama mkono ule tu. Na kipandauso cha Gershom, kabla ya kumkamata kichwa, kilianzia machoni. Aliona mistari ikimetameta, imekatikakatika kama meno ya msumeno, kisha upande mmoja wa kila kitu hutoweka.

"Siku moja alinitazama akaniambia, 'Selpher, nauona uso wako nusu.' Msimamizi akisikia neno hilo, mchana ule ule yuko nje ya geti. Aliniapisha kwa Biblia nisimwambie mtu, hata ndugu yake."

"Ukawa tayari kupelekwa mbele ya hakimu?"

"Nilijua atapata nafuu, aje aseme mwenyewe."

Mwidani alikasirika, na papo hapo akamheshimu mwanamke huyu kuliko alivyomheshimu mtu yeyote mwaka ule. Akampa muda ajifute machozi.

"Alikuwa akitumia dawa gani?"

"Namkanda kichwa kwa maji. Nampa kahawa chungu. Aspirini tukipata. Zaidi ni kumwepusha na harufu. Marashi hawezi, kitunguu hawezi. Hata baba mkwe akija kwetu na ugoro wake twamketisha nje. Harufu ile ikimfikia tu, siku hiyo imeharibika."

"Na miguu?"

"Miguu ni jambo jipya. Ilianza kuwa baridi wakati wa mvua. Wallahi... " Akajishika mdomo, maana hakuwa Mwislamu, lilikuwa neno la majirani. "Haki ya Mungu, afande, miguu siielewi."

Mwidani naye hakuielewa. Bi Mwanatatu aliumwa kichwa nusu ya maisha yake na akazikwa mzee na miguu yake miwili yenye joto. Kipandauso kilieleza blanketi, jiko na matapishi. Vidole vya zambarau vilikuwa na mwenyewe mwingine.

*

Daktari, Mhindi mzaliwa wa Mombasa, alimpokea barazani mwa wodi.

"Anazidi," alisema. "Na hilo ndilo linalonitia wasiwasi. Mishipa ya damu miguuni imejibana, mapigo siyasikii kabisa. Kama ni sumu ya mkewe, mkewe yuko kwenu. Tangu aletwe hapa ilipasa iwe imeanza kumtoka. Badala yake leo na mikono imeanza kupoa. Nikiona weusi kwenye vidole, nitalazimika kukata."

"Basi sumu imemfuata mpaka hapa."

"Sisi twampa chakula cha hospitali."

"Na watu wa kwao?"

Jibu lilikuwa likija lenyewe barazani. Garama, mrefu, kofia mkononi, alikuwa amebeba birika la uji lililofunikwa kwa sahani. Akaamkia wakubwa kwa adabu.

Mwidani alikuwa amemfikiria Garama tangu asubuhi. Mtu aliyepiga yowe la kwanza. Mtu ambaye, ndugu akifa na shemeji akinyongwa, shamba la minazi la baba yao kule Mtopanga lingebaki na mrithi mmoja. Koplo Mwarandu, aliyefuatana na sajini, tayari alikuwa amesogea nyuma ya Garama na kufungua kifungo cha mfuko wa pingu.

"Uji wa nini huo?" Mwidani aliuliza.

"Wa mtama, afande. Na sukari kidogo."

"Kunywa."

"Ni wa mgonjwa."

"Mgonjwa atasubiri. Kunywa."

Garama akatazama birika, akatazama sajini. Mwarandu akavuta pumzi. Garama akainua birika kwa mikono miwili akanywa, koromeo likipanda na kushuka, mpaka akaligeuza juu chini. Kisha akapitisha kidole ndani, akakilamba.

"Mwaniona mimi nyoka," alisema, macho yamemjaa maji. "Huyu nimenyonya naye titi moja."

Mwarandu akakifunga kifungo chake. Ama Garama hakuwa na hatia, au alikuwa mjinga kuliko wauaji wote wa pwani. Mwidani aliamini la kwanza, na akaona aibu kidogo.

"Pole. Kaa kitako. Tangu alazwe, umemletea nini kingine? Kumbuka vizuri. Dawa? Maji ya mganga?"

"Hakuna, afande. Uji tu. Na kile kibati chake cha ugoro alichoniagiza siku ya kwanza. Nilikikuta chini ya mto wake kule nyumbani."

Mwidani alikuwa ameanza kuvua kofia ajipepee. Mkono ukasimama hapo hapo.

"Alikuagiza ugoro?"

"Kibati, ndiyo. Aling'ang'ania sana."

"Na alipouliza mkewe yuko wapi? Umemwambia nini?"

Garama akainamisha kichwa. "Nilimwambia amekwenda kwao Kaloleni kwa msiba. Sikutaka kumvunja moyo."

"Daktari," Mwidani alisema, "twende tukaombe ugoro."

*

Gershom alikuwa amelala amenyooka, shuka limetandikwa bila kunyanzi kama kitanda cha kambini. Uso ulikuwa umekauka. Kwenye kimeza, pembeni mwa kikombe cha maji, palikuwa na kibati kidogo cha mviringo, kimechakaa rangi kwa kushikwa.

Mwidani akavuta kigoda, akauliza hali, akapewa hali. Akamsifu kwa vita. Kisha akanyoosha kiganja.

"Ndugu yangu, nimeshinda juani tangu asubuhi. Nipe ugoro kidogo nipige chafya."

Hakuna Mgiriama anayemnyima mgeni ugoro. Ukiwa na adui naye akaomba, unafungua kibati kwanza, ugomvi baadaye. Gershom alijua hivyo, na Garama aliyesimama miguuni mwa kitanda alijua hivyo, akashangaa kuona nduguye anakiwahi kibati na kukifunika kwa mkono.

"Umekwisha, afande."

"Hata vumbi lake lanitosha."

"Umekwisha kabisa."

"Ajabu," Mwidani alisema taratibu. "Mkeo aniambia ugoro ukikupitia puani siku yako imeharibika. Babako mzazi wamketisha nje. Sasa mtu asiyeweza hata kuunusa ugoro auweka kwa nini kichwani pa kitanda chake?"

Gershom akafumba macho. "Selpher ana maneno mengi. Akirudi kutoka Kaloleni nitamwambia."

"Hayuko Kaloleni." Sajini aliinama, akashusha sauti mpaka ikawa ya watu wawili. "Selpher yuko seli, Changamwe. Watu wasema amekutilia sumu. Kesho asubuhi asimama mbele ya hakimu. Twamuuliza, anyamaza, kwa sababu ulimwapisha kwa Biblia."

Mgonjwa akafumbua macho, akamtazama nduguye. Garama akageukia ukuta. Hapo Gershom akajua ni kweli, na uso wake, uliokuwa umestahimili Burma, ukaporomoka. Akakiondoa mkono. Mwidani akakichukua kibati na kukitikisa sikioni mwa daktari. Ugoro hautoi mlio. Hiki kilitoa.

Ndani mlikuwa na vidonge vidogo, vimekijaza nusu, na karatasi ya chupa iliyokunjwa. Daktari aliisoma karatasi, akaisoma tena, kisha akakiangusha kiganja chake kwenye paji la uso.

"Mungu wangu! Ule ukungu mweusi, Sajini! Ule wa mkate wa Ulaya. Dawa hii hutengenezwa kwa ukungu ule ule. Ni dawa ya kipandauso, na ni dawa nzuri. Hubana mishipa ya kichwa iliyotanuka. Lakini ukiizidisha, yabana na ya miguu." Akamgeukia mgonjwa. "Wavimeza vingapi?"

"Viwili. Kila alfajiri."

"Kila alfajiri! Hata kichwa kisipouma?"

"Ili kisiume, daktari. Na kikirudi jioni, naongeza."

Kumbe hivyo. Hospitali ya jeshi huko India ndiko alikopewa mara ya kwanza, na daktari wa jeshi alimwambia ameze kichwa kinapoanza, basi. Vikamtuliza kama muujiza. Lakini Gershom alikuwa askari. Kule msituni kila alfajiri walipangwa mstari, wakameza vidonge vya manjano vya malaria mbele ya ofisa, midomo ikakaguliwa, na aliyekosa aliadhibiwa. Hakuna aliyengoja homa. Waliomeza walisimama, waliojificha waliugua. Somo hilo lilimwingia mpaka mifupani.

"Nikajiambia, kwa nini nimngoje adui afike?" alisema. "Vilipokwisha nikapeleka karatasi ile duka moja la dawa kisiwani, wakanipa vingine. Nilizidi kumeza na kichwa kikazidi kuja. Nikadhani kinga haijatosha. Wewe, daktari, uliniuliza kama natumia dawa. Ningekubali, ungeniuliza ni ya nini. Na habari ingefika bandarini."

"Kichwa kilizidi kwa sababu ya hivi vidonge," daktari alisema, na sasa alikuwa karibu kucheka, kwa furaha ya mtu aliyeupata mwisho wa uzi. "Nguvu yake ikiisha, kichwa charudi kudai tena. Ndugu yangu, hii ni ndoo ya maji ya kuzimia moto. Wewe umeimwagia nyumba kila siku, moto uwepo usiwepo, mpaka kuta zinaanguka. Dawa za kinga zipo, ni nyingine kabisa, na nitakupimia mimi. Lakini kwanza miguu."

"Itapona?"

"Weusi haujaingia. Tumewahi."

Garama akaketi sakafuni pale pale.

*

Bwana Inspekta alisoma taarifa ya daktari akiwa amesimama, akaiweka mezani, akatazama dari, kisha akaomba funguo za seli. Karatasi ya mashtaka ya Selpher ilitumika kufungia karanga za Koplo Mwarandu, naye akasema hajala karanga tamu kama zile.

Siku zilizofuata hazikuwa rahisi. Gershom aliponyimwa vidonge, kichwa kilikuja kwa hasira zote, na daktari akaamuru blanketi zitundikwe kukizunguka kitanda. Selpher akaketi ndani ya giza lile na kitambaa chake cha maji na kahawa chungu, safari hii bila kumficha mtu yeyote. Miguu ilifungwa pamba ipate joto, na sindano za kufungua mishipa zikapigwa. Kichwa kikapungua, kikapungua tena, na asubuhi moja Gershom akaomba yeye mwenyewe blanketi zishushwe.

Mwidani alifika asubuhi hiyo. Alimkuta Garama amebeba birika la uji, amesimama kama mtumishi, akingoja shemeji yake amruhusu kulitua. Alikuwa amekwisha omba radhi mara nyingi mpaka wodi nzima imechoka kumsikia.

"Litue," Selpher alisema. "Ila uonje kwanza."

Wagonjwa wakacheka, na Garama, baada ya kuhakikisha kwamba shemeji naye anacheka, akacheka kuliko wote. Akaonja.

"Msimamizi wako nimemwona," Mwidani alimwambia Gershom. "Nilimweleza yote. Sitahani hutarudi, na wallahi ni haki, siku moja ungeua mtu. Lakini ghalani anahitaji mtu wa kupokea mizigo, asiyeiba. Nikamwambia hapa yupo mmoja, hata ugoro hana."

Gershom alifungua kinywa ashukuru, lakini Selpher alikuwa amekwenda miguuni mwa kitanda na kuifunua ile pamba. Vidole vilikuwa na rangi ya vidole. Daktari alikuwa ameweka dole gumba lake juu ya wayo, amesikiliza kwa muda, na sasa alikuwa akitabasamu, akawaachia nafasi.

Selpher hakuamini tabasamu la mtu. Alikitafuta kidole kidogo kabisa, kile kilichokuwa cha kwanza kufa ganzi, akakishika kwa kucha mbili na kukifinya kwa uchungu wote wa rumande, wa Kache, na wa kile kiapo cha Biblia.

"Wee! Selpher! Waniumiza!"

"Sema tena."

"Waniumiza, nasema!"

Selpher akakiachia kidole, akainua kichwa, akapiga kigelegele kilichowatoa wauguzi mbio kutoka wodi ya pili. Na Gershom Mramba, mtu asiyestahimili kelele, akamwambia apige kingine.